Debe la Dawa ya Tumbaku

Silasi na mkewe Getruda waliishi katika kijiji cha ujamaa karibu na Usinge. Walilima tumbaku, na Silasi alitundika mizinga msituni. Mwaka huo asali ilikuwa nyingi. Kilindo chao, chombo cha gome la mti, kilijaa mpaka juu.

"Hii ya mama mkwe tuitie humu," alisema Silasi. Alishika debe lililokuja na dawa ya kuulia wadudu wa tumbaku. "Nimelisugua kwa majivu. Nimelifukiza moshi kama mzinga. Limetakata."

Mama yake Getruda, Bibi Nyamizi, alikuwa anapona homa. Asali ilikuwa ya uji wake.

Getruda aliligeuza debe. Alikuwa akihudhuria kisomo cha watu wazima, na siku hizo maandishi hayakumpita. Alisoma herufi moja moja: N, E, V, E, R.

"Neno hili silijui."

"Jina la kiwanda hilo. Mimina, mama watoto."

"Simimini mpaka niulize."

Alilibeba mpaka zahanati. Silasi alimfuata akinung'unika. Nesi Kherunisa alisoma, kisha akaliweka debe chini.

"Mmeshatia chakula humu?"

"Bado."

"Namshukuru Mungu. Neno hili ni la Kiingereza. Maana yake ni kamwe, hata siku moja. Wameandika: kamwe usitie chakula wala maji humu."

"Hata nikilifukiza?" aliuliza Silasi.

"Hata ukilifukiza, kaka. Moshi unafukuza nyuki, hauondoi sumu. Sumu hubaki kwenye maungio ya bati."

"Na watu hulisemaje neno hilo?" aliuliza Getruda.

"Ukimwuliza mtu kama amewahi kufika Dodoma, naye akajibu never, basi hajafika hata mara moja."

"Kama mume wangu na kisomo," alisema Getruda. Nesi alicheka.

Jioni hiyo Silasi alilitoboa debe, akalizika mbali na kisima. Asali waliitia kwenye kibuyu. Bibi Nyamizi alikunywa uji wote, huku Getruda akimsimulia habari ya debe.

"Asante, wanangu," alisema. "Na huyo aliyekufundisha kusoma, Getruda, mwambie namshukuru sana."

Silasi alitazama chini. Yeye ndiye aliyetaka kumimina. Alimshukuru mkewe kimoyomoyo, kisha akamshukuru kwa mdomo.

Wiki iliyofuata alikaa kisomoni kando ya mkewe. Jirani yao Limbu alimtania.

"Silasi, si ulisema huji hapa kamwe?"

"Neno lile ni la debe," alijibu Silasi, akashika kalamu.