Dancille Anasikiliza Pumzi

Kila asubuhi, kwenye kilima chao cha Masisi, Karangwa alikamua ng'ombe na mkewe Dancille alichuja maziwa ya kutengenezea jibini. Walifanya kazi bega kwa bega. Hata hivyo, Dancille alimkosa mumewe kana kwamba yuko safarini. Zamani walizungumza mpaka maziwa yakapoa. Siku hizi Karangwa alisinzia juu ya kigoda, chuchu ya ng'ombe ikiwa mkononi.

"Papa Gisubizo, usiku mulisaga gunia ngapi za mahindi?" jirani yao Sebarenzi alimtania Karangwa, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mashini yako inasikika mpaka kwangu!"

"Mwanaume mwenye nguvu njo analala hivyo," Karangwa alijibu.

Kwa sababu ya kukoroma huko, Dancille alikuwa amehamia chumba cha watoto, mwaka wa pili sasa. Hakumwambia mtu. Alilelewa kuamini kwamba mambo ya chumbani hayasemwi mbele za watu.

Mara mbili Karangwa alikwenda peke yake kwenye kituo cha afya. Alisema amechoka, na kichwa kinamuuma asubuhi. Alipimwa malaria, hakuwa nayo. Kisha siku moja alisinzia juu ya pikipiki, akaangukia mtaroni. Siku hiyo Dancille alimsindikiza.

Muuguzi Sidonie alifunga jeraha la goti, akasikia alivyosinzia njiani, akamgeukia Dancille.

"Mama, Papa anakoroma?"

Dancille aliinamisha kichwa.

"Miye sijasikia hata siku moja," Karangwa alisema.

Sidonie alicheka. "Utasikia namna gani, na weye umelala? Shahidi njo huyu. Mama, pumzi yake inakatika?"

"Ilikuwa inakatika," Dancille alisema polepole. "Ananyamaza, kisha anashtuka kama mutu anayetolewa majini. Lakini miaka miwili hii, silali naye."

"Nilizani umenichoka," Karangwa alisema.

"Nilikimbia kelele, Papa Gisubizo. Weye sikukukimbia."

Sidonie alimpima Karangwa uzito, akamzungushia utepe shingoni: shingo ilikuwa nene. Alimulika koo: njia ya hewa ilikuwa nyembamba. Presha ilikuwa juu.

"Si kila anayekoroma ni mgonjwa," alieleza. "Lakini pumzi ikikatika usiku, na mtu akisinzia mchana, huenda koo linaziba usingizini. Moyo unaumia. Leo tumeona dalili. Uhakika utatoka hospitali kubwa, kwa kifaa kinachopima pumzi usiku kucha. Mama, rudi chumbani. Sikiliza siku tatu, uandike. Na pikipiki, Papa, iache kwanza."

Dancille alirudi. Alilala kando ya mumewe na daftari. Pumzi ilipokatika, alihesabu. Katika kila kimya alitamani kumwita.

Hospitalini, daktari alisoma daftari lile, akamfunga Karangwa kifaa. Kilithibitisha ugonjwa. Kilionyesha pia kwamba pumzi ilikatika hasa alipolala chali. Daktari alimwagiza alale ubavu, apunguze uzito, na aache pombe ya jioni. Dancille alishona mfuko wa magunzi ya mahindi mgongoni mwa shati la kulalia. Kila Karangwa alipogeuka chali, magunzi yalimchoma, akarudi ubavuni.

Miezi ilipita. Kilo zilipungua, presha ikashuka. Asubuhi moja Dancille aliamka akamkuta mumewe ameketi kitandani, hana usingizi machoni, akimngoja.

"Mama Gisubizo, niliota. Nikuambie?"

"Niambie yote."

Nje ng'ombe walilia. Hakuna aliyeinuka.