Moshi wa Pikipiki Nyepesi

Saa tatu asubuhi ukumbi wa vipimo ulijaa moshi, watu wakakohoa hadi machozi. Pikipiki ya porini iliyosubiriwa kwa hamu ilikuwa inafuka kama tanuri la matofali.

"Nilisema mapema," alitangaza mkurugenzi wa kituo. "Injini ya mapigo mawili huchoma oili pamoja na petroli, haiwezi kufaulu kipimo cha moshi. Itoeni nje!"

"Jana haikufuka hata chembe!" alifoka mhandisi aliyeiunda, mama wa makamo aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. "Mmeihujumu!"

Polisi wakamtuma Inspekta, mwanamke mfupi asiyejua kunong'ona. Bosi wake alimpigia akiwa njiani. "Watulize, urudi. Moshi si kesi."

"Nitarudi nikimaliza, afande," alijibu, akakata simu.

Alianza na mizani. Jana jioni, kabla haijafungiwa chumbani, pikipiki ilikuwa na kilo tisini na sita. Sasa ilikaribia tisini na saba.

"Chuma hakinenepi kwa kulala," alisema. Akavuta petroli kidogo kwa mpira, akaitia kwenye chupa angavu. Ilikuwa nzito, rangi ya zambarau.

"Oili yangu ni nyekundu, na naweka kidogo tu," mhandisi alisema. "Humu kuna mtu kaongeza ya buluu."

Vidole vyote vikamwelekea mdogo wake, dereva wa majaribio. Jioni ile waligombana, kisha akaonekana akiingia chumbani.

"Mligombania nini?" Inspekta aliuliza.

"Bei. Dada anataka iuzwe nusu ya bei ya zile nzito za madukani, wakunga wa milimani waimudu. Mimi nilitaka faida. Lakini nimwangushe dada yangu wa tumbo moja?"

"Chumbani ulifuata nini?"

"Glavu zangu. Muulize mlinzi, alinisimamia kama askari jela."

Mlinzi alikubali. "Sikumbandulia macho. Baadaye mkurugenzi akaingia peke yake, eti anakagua madirisha."

"Oili ya buluu mnayo hapa?"

"Ya mashine ya kufyekea nyasi. Mkurugenzi anaifungia kabatini, tunapewa kijiko kijiko kama dawa ya kikohozi. Jana mchana nililiona kopo, limejaa pomoni."

Inspekta aliingia ofisini kwa mkurugenzi bila kubisha. "Fungua kabati."

"Unajua unazungumza na nani?"

"Najua. Fungua."

Kopo lilikuwa tupu.

"Nyasi za nje zinafika magotini," Inspekta alisema. "Oili imekwenda wapi?"

Mkurugenzi aliketi polepole. "Miaka yote nimefundisha kwamba haiwezekani. Ni mimi niliyeshauri injini hizi zipigwe marufuku. Halafu aje mwanafunzi wangu mwenyewe kunivua nguo hadharani?" Akamgeukia mhandisi mlangoni. "Nakupa cheti sasa hivi, mwanangu. Yaishe."

"Cheti cha uvunguni sikitaki, mwalimu. Ipimwe tena, milango wazi."

Tangi likamwagwa, likajazwa upya. Watu wakarudi ukumbini. Mhandisi akapiga kiki, injini ikalia kwa hasira, mshale wa kipimo ukapanda, ukatetemeka, ukatulia chini ya mstari mwekundu.

Inspekta alikuwa ameshamshika mkurugenzi mkono.

"Afande, usimpeleke bado," mhandisi alisema. "Asome kipimo yeye mwenyewe."

Mkurugenzi aliuinamia mshale. "Imefaulu," alinong'ona.

"Hatusikii!" mhandisi alipaza sauti, akazidi kuvuta mafuta, injini ikanguruma.