Paa la Mama Joel

Haya yalimkuta rafiki yangu Castory, fundi wa kuezeka pale Kizota, mtu aliyekuwa akicheka habari zote za mizimu. Sasa hacheki tena.

Mwaka 1993, baada ya mavuno, karani mmoja wa mjini aitwaye Violeth alimtuma kijijini Haneti, akabomoe paa bapa la udongo la tembe ya mama yake, Mama Joel, na kuezeka mabati.

"Shikamoo, mama. Nimeleta mabati ya Violeth."

"Marahaba. Kunywa uji, mwanangu. Lakini paa hili halitoki."

Ulikuwa mchana, ila ndani ya tembe giza lilikuwa totoro. Mama Joel akamweleza. Wakati wa vita vya Kagera, mwanawe Joel alikuwa akijifunza urubani. Alianguka na ndege ya mazoezi, akafa akiwa na miaka ishirini na mmoja. Jeneza lililetwa limepigiliwa misumari, naye akakatazwa kumwona uso.

"Utotoni alikuwa akishinda huko juu ya paa, anatazama ndege."

Mara kitu kizito kikatua juu ya paa. Vumbi likamwagikia uji. Castory akasubiri kusikia hatua; kimya. Mama Joel hakuinua macho. Alimimina kikombe cha tatu.

"Anafika hapo tu," alisema huku machozi yakimtoka. "Hashuki."

Castory alikimbilia nje, akapanda ngazi. Uwele ulikuwa umeanikwa paa zima, haujavurugwa popote isipokuwa katikati. Hapo palikuwa na alama mbili za buti, zimesimama pamoja, ncha zikielekea mlangoni.