Tulikubaliana Kujitoa Sote, Nikajitoa Peke Yangu

Nina miaka ishirini na minane, nasomesha sayansi katika skuli ya wasichana hapa Ibra, Oman. Wanafunzi wangu wanasema miye mkali. Hawajui kwamba mmoja wao akiniambia anataka kuwa daktari, mimi hugeukia ubao ili asinione uso...

Wazee wangu walirudi huku Oman kutoka Unguja nikiwa mdogo. Baba alikuwa dereva wa serikali, na hamu yake moja ilikuwa kumwona mtoto wake amevaa koti jeupe la hospitali.

Nilipomaliza skuli niliomba serikali inipeleke Misri kusomea udaktari. Sikukubaliwa, wala sikukataliwa. Niliwekwa kwenye orodha ya kungojea, mtu wa tatu. Nafasi ikitokea, anaitwa aliye mbele. Huku nikingoja, nikapata chuo cha ualimu Nizwa. Nikaenda, nikaanza masomo, lakini roho yangu ilikuwa kwenye ile orodha.

Salim, mtoto wa ami yangu, ndiye aliyekuwa mchumba wangu. Alikuwa karani Nizwa, naye alikuwa kwenye orodha ile ile, mtu wa nne, nyuma yangu tu. Kila Alkhamisi tukikutana kwa shangazi yetu, kijiji cha Birkat al Mauz, karibu na Nizwa.

Mara chuo kikatoa amri: mwanafunzi mwenye jina lake mahali pengine achague kabla mwezi haujesha, la sivyo nafasi yake atapewa mwengine. Nikachanganyikiwa! Nikijitoa kwenye orodha, nimeuzika udaktari. Nikibaki, na nisiitwe, nimekosa huku na huku. Baba akasema nibaki. Mama akaogopa.

Salim akaja na lake. Alisema udaktari ni miaka saba, na akiitwa mmoja wetu, mwengine ataachwa nyuma. Ndoa gani hiyo?

"Tujitoe sote wawili, Zuwena," aliniambia. "Tuoane, tukae karibu na wazee wetu."

Nikamwuliza kama hatojuta.

"Nijutie nini, nami nina wewe?"

Ah, maneno yale... Tuliandika barua zetu palepale kwa shangazi, tukipokezana kalamu. Akazitia mfukoni zote mbili, akasema atazipeleka mwenyewe ofisi ya masomo, Muscat. Baba sikumwambia mpaka zilipokwisha kwenda. Hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza, mwanangu," akaingia ndani.

Wiki tatu baadaye Salim akaitwa! Alikuja akiapa kwamba barua yake hawakuijali, na kwamba serikali ikikuita hukatai. Miye mjinga nikaamini. Nilimkunjia nguo za safari kwa mikono yangu, nikamlilia uwanja wa ndege kama mke.

Mwezi wa pili baada ya safari yake nilikwenda ofisi ile ile ya Muscat kwa karatasi za chuo. Karani mmoja, bibi wa Kipemba, alifurahi kusikia nasema Kiswahili, akanifungulia faili la orodha nilipomwomba. Barua yangu ilikuwamo. Ya Salim haikuwamo.

"Huyu hakujitoa, mwanangu," alisema taratibu. "Wawili wa mbele yako walikuwa wameshaitwa. Nafasi ilitokea siku nne baada ya barua yako. Ilikuwa yako."

Sikumbuki nilivyotoka mle ofisini.

Nikamwandikia Salim. Jawabu lilikuja baada ya miezi mitatu, nusu ukurasa: nimsamehe, na uchumba tuuvunje. Baadaye tukasikia ameoa mwanafunzi mwenziwe. Baba alifariki mwaka uliofuata. Mpaka anakufa hakulitaja tena neno udaktari mbele yangu. Afadhali angenitukana...

Mwaka jana mama alishikwa na homa kali tukiwa kwa dada yake, mji wa Sur. Nikamkimbiza hospitali. Akaingia daktari. Nani? Salim! Aliponiona akainamisha macho. Alimtibu mama vizuri, siwezi kumsingizia. Mama, kwa homa ile, hakumtambua. Alimshika mkono akamwombea dua: "Ahsante, daktari. Mungu amjaalie kheri aliyekuzaa, na aliyekusomesha."

Nilihisi kama nimechomwa kisu. Aliyemsomesha!

Tulipotoka chumbani kwa mama, akaniita. "Nisamehe, Zuwena."

Nikamwuliza dawa ya mama ni mara ngapi kwa siku. Akanijibu. Nikaenda zangu.

Ndugu zangu mnaonisoma, sijamsamehe, na sitojidai kwamba nimesamehe. Lakini linaloniuma zaidi ni jengine: Salim alinidanganya, ila hakunishika mkono kuandika. Niliandika mwenyewe, tena kwa siri, nikimficha mtu pekee aliyekuwa akinitakia kheri bila ya kutaka kitu kwangu.

Jina lako likiwa kwenye orodha, usiende kulifuta kwa ajili ya mtu. Chuo kikikufukuza, wacha kikufukuze. Huenda usiitwe kamwe, sikatai. Lakini utakuwa umekosa kwa sababu hukuitwa... si kama miye, niliyeitwa nikawa sipo.