Nywila Aliyoijua Maren Peke Yake

Kila siku akitoka shule, Maren Haugland alipitia bandani. Alivua viatu mlangoni, akavaa gambuti safi ili asiwapelekee ndege maradhi, kisha akaingia kwenye kichumba cha kompyuta kuandika ubaoni joto la siku hiyo. Nyuma ya ukuta, vifaranga elfu tisa wa bata mzinga walilialia chini ya hita za gesi. Walikuwa na umri wa siku sita. Nje ilikuwa Novemba ya Minnesota, theluji hadi magotini, na kifaranga wa siku sita hana manyoya ya kuivumilia.

Kompyuta ile haikuzimwa mwaka mzima. Ndiyo iliyoziwasha hita na kuzizima, na joto likishuka ilipiga simu ya Baba. Hata umeme ukikatika, ukirudi tu ilijiwasha yenyewe ikaendelea na zamu.

Tatizo lilikuwa Karsten, kaka yake wa miaka kumi na minne. Aliitumia kuchezea michezo, na siku moja akachokonoa mipangilio hadi Baba akafoka. "Atakayeigusa tena, tutajuana."

Maren, mwenye miaka kumi na miwili, hakuridhika na onyo. Kwenye klabu ya kompyuta shuleni alikuwa amejifunza kuweka nywila ya kuwashia, ile inayoulizwa kabla kompyuta haijaamka. Jumatatu akaiweka, asimwambie mtu. Alitaka aione sura ya Karsten atakapogonga mwamba. Lakini Karsten alikuwa amekoma kweli, na kompyuta isiyozimwa haiulizi nywila. Siku zikapita, Maren akasahau.

Jumamosi familia ilikwenda kanisani kwenye chakula cha kila mwaka cha lutefiski, samaki mkavu aliyelowekwa kwenye magadi hadi akalainika.

"Huyu ni samaki au gundi?" Karsten akauliza, akimgusagusa kwa uma.

"Kula. Babu zako walikula na hawakufa," Mama akamjibu.

Ghafla taa zikazimika. Watu wakaguna, wengine wakacheka gizani. Baada ya dakika moja zikawaka. Baba akatoa simu yake, akaiweka kando ya sahani.

"Umeme wetu ni laini hii hii," Mama akasema.

Baba akaitazama simu kidogo. "Haijaita. Basi kuko shwari." Akajiongezea viazi.

Hapo ndipo Maren alipokumbuka. Simu haikuita kwa sababu kompyuta haikuwa imeamka. Ilikuwa imesimama kwenye kioo cheusi, ikisubiri neno ambalo yeye tu alilijua, na hita zote zilikuwa zikiisubiri kompyuta.

Aliogopa vibaya sana. Aliwahi kuona vifaranga waliopigwa na baridi. Hurundikana pembeni kutafuta joto, na walio chini hukosa pumzi. Alimwogopa Baba pia, na macho ya watu mezani. Wazo baya likamjia, kwamba akinyamaza, lawama itamwangukia Karsten, na hakuna atakayeshangaa. Akamtazama kaka yake akimficha samaki chini ya viazi, akaona aibu.

"Baba."

"Enhe."

"Simu haitaita. Niliweka nywila kwenye kompyuta, ya kuwashia. Mimi, siyo Karsten."

Baba akaweka uma chini. Hakufoka, na hilo lilimtisha Maren zaidi.

"Vaeni makoti," akasema.

Barabara ilikuwa inateleza. Baba aliendesha, na Maren akahesabu nguzo za umeme huku akiomba moyoni. Walipofungua mlango wa banda, pumzi zao zilionekana hewani. Kwenye pembe zote vifaranga walikuwa wamerundikana, na sauti za walio chini hazikusikika.

"Karsten, Mama, tuwatawanye. Hita ziko arobaini, nikiwasha kwa mkono moja moja hatutawahi," Baba akasema. "Maren, kafungue kompyuta yako."

Neno "yako" lilimchoma. Akakimbia, akaandika nywila. Ikakataliwa. Akaandika tena, polepole. Ikakataliwa. Akakumbuka mwalimu alivyosema: ya tatu ikikosewa, inajifunga. Akaondoa mikono kwenye kibodi.

"Karsten, njoo. Tafadhali."

Karsten akaja akihema, akaangalia kibodi. "Namba unaziandikia huku pembeni? Kitaa chake kimezimika, hazishiki, we nawe. Tumia zile za juu."

Maren akaandika. Kioo kikang'aa. Nyuma ya ukuta hita zikashika moto mstari mzima, na simu ikaanza kuita mfukoni mwa Baba, kwa kuchelewa.

Vifaranga hamsini na watatu walikufa. Maren aliwaokota mwenyewe, akawatia kwenye ndoo akilia.

Kesho yake mchana Baba aliwaita wote kwenye kile kichumba.

"Kufuli si kosa," akasema. "Hata mimi nataka mipangilio ifungwe, asiichokonoe mtu. Lakini umefunga mlango ambao kompyuta yenyewe hupitia, na ufunguo ukaondoka nao. Weka nywila ya mipangilio. Ile ya kuwashia iondoe. Kisha hiyo mpya iandike kwenye karatasi, Mama aitie kwenye bahasha pamoja na hati za shamba."

Maren akafanya hivyo, wote wakimwangalia. Alipomaliza, Baba akainama, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi. Akauchomeka tena, akakunja mikono.

Wakasubiri. Kompyuta ikavuma, ikaamka yenyewe, na Baba akashika kipimajoto kilichounganishwa nayo na kukitia kwenye kikombe cha theluji aone kama itapiga simu. Sekunde chache tu, simu ikaita.

Baba aliiacha iite kidogo kabla ya kuizima.

"Jana kimya kilinidanganya, mwanangu, na wewe ndiye uliyekuja ukaniambia. Ungesubiri tumalize kula, tungeokota elfu tisa. Ukikosea, usisubiri simu iite. Ita wewe."