Jiwe la Patrick Stapleton

Fintan Lacey alikutwa chini ya ngazi za mawe za jumba la soko la zamani, Clonmarra, saa tatu asubuhi ya Jumatano. Alilala chali. Damu iliyotoka nyuma ya kichwa ilikuwa imekauka. Koti lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, na mikono yake ilikuwa imekunjwa kifuani.

Inspekta Nuala Keaveney aliitazama ile mikono kwa muda mrefu.

"Ajali," alisema Sajenti Declan Moy. "Mzee wa miaka sabini na mmoja, ngazi utelezi, taa mbovu. Nimempigia daktari."

"Utelezi wa nini? Mvua inanyesha ndani?"

"Namaanisha mawe yamelika, Inspekta."

"Wewe umeshawahi kuanguka ngazini, Declan?"

"Mara moja. Harusini kwa dada yangu."

"Ulipofika chini ulikunja mikono?"

Sajenti alikohoa, akafungua daftari lake.

Fintan alikuwa tarishi kwa miaka arobaini. Alipostaafu alikabidhiwa chumba cha juu cha jumba lile, akakijaza majalada. Kila jalada lilikuwa la mwanajeshi mmoja wa Clonmarra aliyekwenda vita vya mwaka 1914, akaachishwa jeshi kwa ugonjwa au majeraha, akarudi kufia nyumbani. Watu hao hawakuwa kwenye orodha yoyote ya wafu wa vita. Kwa sheria ya Tume ya Makaburi, aliyefariki kabla ya mwisho wa Agosti 1921, kwa maradhi yaliyotokana na utumishi wake, alistahili jiwe la heshima kaburini. Lakini lazima hati mbili zikubaliane: ya jeshi na ya kifo. Nyingi za jeshi ziliungua London mwaka 1940. Fintan alitafuta zilizosalia kwa uvumilivu uleule aliotumia zamani kutafuta nyumba isiyo na namba.

Kwenye daftari la mezani aliorodhesha majalada sitini na mawili. Keaveney aliyahesabu rafuni mwenyewe, mara mbili. Yalikuwa sitini na moja.

Lililokosekana lilikuwa la hamsini na nane. Mbele ya namba, kwa mwandiko wa Fintan: *Stapleton, Patrick. Nyumba ya Maskini. Hana jamaa.*

"Nani aibe jalada la mtu asiye na jamaa?" aliuliza Moy.

"Ndilo swali," alisema Keaveney. "Liandike."

Katibu wa kamati ya kumbukumbu alikuwa Malachy Hogarty, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mseja wa miaka sitini na mitatu aliyemtunza mama yake. Alikuja kituoni mwenyewe mchana, kofia mkononi, macho mekundu.

"Mara ya mwisho ulimwona lini, Bwana Hogarty?"

"Jumatatu. Tulipanga viti vya Jumamosi."

"Jumamosi kuna nini?"

"Inspekta, wewe peke yako Clonmarra nzima ndiye hujui. Tunazindua jiwe la babu yangu, baba yake mama. Patrick Stapleton wa Mtaa wa Kanisa. Gesi ya sumu ilimla mapafu vitani kule Ypres, akafa 1920. Mama alizaliwa miezi mitano baadaye. Ana miaka tisini na tatu, na baba yake amelala chini ya majani matupu siku zote hizo."

"Na Stapleton wa Nyumba ya Maskini?"

Kofia ilizunguka mkononi mara moja.

"Majina hapa yanarudiwa. Ukirusha jiwe barabarani unampiga Stapleton."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani na mama. Tangu saa kumi mpaka asubuhi. Sikutoka hata hatua."

Alhamisi asubuhi ripoti ya uchunguzi wa maiti ilifika. Kifo kilitokea Jumanne, kati ya saa kumi na saa moja jioni. Fuvu lilipasuka kwa ukingo wa ngazi. Juu ya kiwiko cha kulia kulikuwa na michubuko minne kwa mstari na mmoja upande wa pili: alama ya mkono wa mtu. Jambo la mwisho daktari alilipigia mstari. Marehemu hakufa papo hapo. Alivuja damu ndani ya fuvu kwa nusu saa, pengine zaidi. Angewahishwa hospitali, huenda angepona.

"Kwa hiyo mtu alimshika, akaanguka," alisema Moy. "Halafu?"

"Halafu mtu akamfunga koti."

Keaveney alifungua jalada la kumi na tisa, la Stapleton wa Mtaa wa Kanisa, akanakili namba ya jeshi iliyoandikwa humo. Akapiga simu kwenye hifadhi ya nyaraka London. Sauti iliyojibu ilikuwa ya mwanamke mwenye mafua.

"Stapleton tena? Wiki iliyopita nimemtumia Bwana Lacey nakala za wote wawili."

"Wote wawili?"

"Patrick na Patrick. Mji mmoja, kikosi kimoja. Wa namba hiyo unayonisomea alipigwa gesi Ypres, akaachishwa 1918. Ndugu wa karibu: hakuna. Makazi: Nyumba ya Maskini, Clonmarra."

"Na wa Mtaa wa Kanisa?"

Karatasi zilichakarika. "Huyo alikaa kambini Fermoy, hukohuko kwenu, siku arobaini na moja. Madaktari walimkuta na kifua kikuu alichokuja nacho kutoka kwao, wakamrudisha. Hakuvuka bahari. Yule bwana alisikitika sana. Alisema kosa ni lake, alizichanganya namba miaka miwili iliyopita, na atalisahihisha kabla ya Jumamosi. Mzima lakini?"

"Amefariki," alisema Keaveney, akashukuru, akakata simu.

Sasa alikuwa na sababu. Sababu peke yake haimfungi mtu. Michubuko haina jina, ngazi zile zilipandwa na nusu ya mji, na shahidi pekee wa Hogarty alikuwa mwanamke wa miaka tisini na tatu anayelala mapema. Keaveney alimjua mwendesha mashtaka wake. Angemrudishia faili siku hiyohiyo.

Alasiri alikwenda msibani.

Nyumba ya Lacey ilijaa hadi uani. Fintan alikuwa kwenye jeneza wazi sebuleni, rozari vidoleni. Watu waliingia kwa foleni, wakamshika mkono dada yake Breda, wakasema pole, wakasogea jikoni kwenye chai na sandwichi. Wazee watatu walibishana juu ya mbwa wa Fintan enzi za utarishi.

"Hakuwa na mbwa. Mbwa walikuwa naye!"

"Aliumwa mara kumi na moja. Alikuwa na orodha, tarehe na jina la mbwa."

"Fintan huyo. Angeng'atwa na shetani angeomba namba yake ya usajili."

Walicheka, kisha wakakumbuka walipo, wakafanya ishara ya msalaba.

Kwenye meza karibu na jeneza kulikuwa na lundo la kadi za misa. Clonmarra mtu haji msibani mikono mitupu. Anapeleka kadi kwa padri, padri anaitia saini kwa mkono wake kuahidi kumsomea marehemu misa, na kadi inaletwa kwa wafiwa. Keaveney aliomba ruhusa, akaketi, akazisoma moja moja. Zilikuwa themanini na nne.

Themanini na tatu zilitiwa saini na padri kijana kutoka parokia ya jirani. Moja ilikuwa na saini ya Padri Costigan, paroko wa Clonmarra.

"Bi Breda, Padri Costigan yuko wapi siku hizi?"

"Lourdes, mwanangu, na mahujaji. Basi lao liliondoka jana saa kumi na moja alfajiri. Hata kumzika Fintan hatarudi. Walikuwa marafiki, masikini."

Saa kumi na moja alfajiri ya Jumatano. Maiti ilikutwa saa tatu.

Keaveney aliigeuza kadi. Jina la marehemu na la mletaji yaliandikwa kwa wino mwingine: *Malachy na Josie Hogarty*, mwana na mama.

Alitoka uani akapiga simu Ufaransa.

"Padri, huwa unaziacha kadi ukiwa umeshazitia saini?"

"Askofu alipiga marufuku. Natia moja moja, mwenye nayo akiwa mbele yangu."

"Jumanne ulitia ngapi?"

"Moja tu. Malachy Hogarty alinigongea saa moja na nusu jioni, nikiwa nafunga sanduku. Analia. Kasema rafiki yake kafa mchana ule. Jina hakulijaza, nikadhani ni mtu wa Dublin. Inspekta, kuna nini?"

"Utahitajika kuandika maelezo, Padri. Usiongee na mtu."

Ijumaa saa nne asubuhi Keaveney na Moy waligonga mlango wa Hogarty. Malachy aliwakaribisha jikoni. Kutoka chumba cha mbele zilisikika sauti za wanawake na harufu ya dawa ya nywele.

"Msusi amekuja kwa mama," alisema. "Kwa ajili ya kesho. Chai?"

"Hapana. Si lazima useme lolote, Bwana Hogarty. Utakalosema litaandikwa na linaweza kutumika kuwa ushahidi. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Keaveney aliweka kadi mezani, ndani ya mfuko wa plastiki.

"Saini hii ni ya nani?"

"Ya Costigan."

"Aliitia lini?"

Moy aliacha kuandika. Kwenye jiko birika lilianza kuvuma, na hakuna aliyeliondoa.

"Jumanne," alisema Malachy.

"Fintan alikutwa Jumatano. Na Jumanne hukutoka hata hatua."

"Nilijua ni ujinga. Nilijua nikiwa pale mlangoni kwa padri."

"Basi kwa nini hukungoja?"

"Alikufa bila padri, Inspekta. Nisingeweza kumwacha alale usiku mzima bila hata misa moja."

Keaveney alilizima jiko, akaketi.

"Anza mwanzo."

"Aliniita saa kumi na moja. Alinionyesha karatasi. Babu hakuona hata meli. Siku arobaini na moja! Na barua ya kwenda kwa Tume ilikuwa tayari, imefungwa, ina stempu. Nikamwambia, Fintan, mama ana mwezi mmoja, miwili, daktari kasema. Ngoja afe. Akaniambia yule Patrick mwingine amengoja miaka tisini na sita, gesi ni yake, jiwe ni lake, na kwa kuwa hana mtu wa kumsemea, atamsemea yeye. Jiwe lihamishwe. Mita mia tatu tu! Toka kaburi la babu hadi uwanja wa Nyumba ya Maskini. Mita mia tatu, akasema, kana kwamba anapeleka kifurushi."

"Kisha?"

"Akashika barua akateremka. Nikamshika mkono. Akajinasua." Alitazama vidole vyake. "Sikumsukuma. Nilimwachia."

"Hilo mahakama itaamua. Alipoanguka alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Alisema kitu?"

"Alisema anasikia baridi. Nikamfunga koti. Nikasali naye. Rozari nzima."

"Rozari nzima ni dakika ngapi?"

"Ishirini. Nilirudia."

"Simu yako ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

"Hukupiga."

"Sikupiga."

"Kwa nini, Malachy?"

Msusi alicheka kitu huko chumbani, na sauti kavu ya kizee ikamjibu kwa mzaha.

"Kwa sababu angepona," alisema Malachy. "Angepona, akaipeleka barua."

Moy aliandika sentensi ile, akaipigia mstari.

Jalada la hamsini na nane lilikuwa ndani ya kabati la sahani, na barua juu yake, haijafunguliwa. Malachy alizitoa mwenyewe. Keaveney alizitia kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika saa na tarehe.

"Niache mpaka kesho jioni," Malachy alisema kwa sauti ya chini. "Wapange askari mlangoni, nifungeni pingu, lolote. Nimsukume mama na kiti chake hadi makaburini, aone jiwe, kisha nakuja kwa miguu yangu. Inspekta, nakuomba kama mtu na mtu."

"Nikishafungua barua hii, Tume lazima ijue leo."

"Usiifungue leo."

"Aliyeiandika hakupewa hata kesho."

"Malachy!" mama aliita. "Nani huyo unanong'ona naye? Walete!"

Josie Hogarty alikaa kwenye kiti cha magurudumu, kichwa kimejaa rola za nywele za rangi ya waridi, taulo mabegani. Gauni jeusi lenye kola nyeupe lilining'inia mlangoni, limepigwa pasi. Aliwatazama mmoja mmoja: Moy, Keaveney, kisha mwanawe aliyesimama kati yao.

"Polisi," alisema. "Ni Fintan?"

"Ni Fintan, Bi Josie. Nampeleka Malachy kituoni."

"Mpaka lini? Kesho ndiye wa kunisukuma."

Keaveney angeweza kusema tutaona. Alivuta kiti, akakaa usawa wa macho ya yule kizee, akamweleza: namba zilizochanganywa, Fermoy, siku arobaini na moja, Patrick wa pili, barua, ngazi. Alitumia maneno machache, kwa mpangilio. Msusi alisimama na chanuo hewani. Malachy alikuwa ameegemea ukuta, uso chini.

Josie hakulia. Alisikiliza kwa makini.

"Huyo Patrick mwingine aliacha mtoto?"

"Hapana."

"Na Fintan, alikufa haraka?"

"Hapana, Bi Josie. Nusu saa."

"Huyu alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Kizee alimgeukia mwanawe, akamtazama hadi Malachy akalazimika kuinua uso.

"Nusu saa," alisema.

Kisha akaipapasa rola ya kwanza, juu ya sikio, kwa vidole vilivyokakamaa, akashindwa kuifungua.

"Zitoe," alimwambia msusi. "Zote."