Prosesa Iliyokataa Kukimbizwa

Waligongana mlangoni mwa duka la kompyuta, saa ile ambayo kila mtu anaingia na hakuna anayetoka. Msichana alikuwa na gauni la rangi ya haradali, amekumbatia kompyuta ya mezani, jasho linamtiririka.

"Samahani, kaka. Umeziba njia."

"Mimi ndiye fundi, dada. Ukinipita, huko ndani utamkuta nani?"

Akacheka bila kupenda. Alikuwa mchoraji wa katuni. Kituo cha televisheni kilimwagiza filamu fupi ya watoto, kazi yake ya kwanza kubwa, na mashine ilikuwa inajikokota.

"Niachie," fundi akasema, akikunja mikono ya shati. "Prosesa hii, ubongo wa mashine, nitaisukuma ikimbie zaidi ya ilivyotoka kiwandani. Hununui kitu."

Kuachiana kompyuta kukazaa kupeana namba, na namba zikazaa simu za asubuhi.

"Umeamkaje, Bi Katuni?"

"Nilikuwa naota vizuri, mpaka ulipopiga."

"Uliota nini?"

"Fundi asiyeongea sana."

Haukupita muda wakawa wanakula pamoja kila mchana, na macho yao yakawa yanasema yale ambayo midomo ilikuwa bado inazungukazunguka.

Tatizo ni kompyuta. Mchoraji alirudishiwa, na akichora, ilikimbia kama upepo. Akiiagiza iunganishe michoro yote iwe filamu, inaganda, skrini inageuka buluu, kazi inapotea. Fundi akaja nyumbani kwake, akaongeza umeme kidogo kwenye prosesa ihimili ile kasi. Ikashika, ikaanguka. Akabadilisha feni, akapima joto, akajaribu kadi za kumbukumbu moja moja. Wapi! Akaongeza umeme tena.

Dada wa mchoraji, aliyekuwa akiishi naye, akaweka kikombe mezani.

"Mdogo wangu, fumbua macho. Huyo anaiharibu makusudi apate pa kuja."

Maneno yakamwingia. Fundi alipopiga simu, hakusalimiwa.

"Niambie ukweli. Unaitengeneza, au unanichezea?"

"Mpenzi, nipe nafasi moja tu..."

"Nafasi! Kesho natakiwa nikabidhi kazi. Usije tena!"

Simu ikakatwa. Fundi akabaki akiulizana na bisibisi yake. Hakuwa amemchezea. Lakini ukweli aliujua tangu wiki iliyopita.

Kesho yake asubuhi akabisha hodi. Dada mtu akafungua, mikono kiunoni.

"Umekuja kuharibu nini tena?"

"Nimekuja kutengua nilichofanya, shemeji."

"Shemeji wa nani?"

Lakini alimpisha. Mchoraji alikuwa ameketi mbele ya skrini ya buluu, macho yamevimba, nywele hazijachanwa. Hakugeuka.

"Prosesa za aina moja hazilingani nguvu," fundi akasema taratibu. "Ni kama ndugu wa tumbo moja. Nyingine inavumilia kusukumwa. Hii haivumilii. Nilijua hilo, nikaona haya kukuambia kwamba nimeshindwa, nikawa naongeza umeme tu. Ningeendelea, ningeiunguza."

"Mimi nikadhani unanidanganya," mchoraji akasema. "Kumbe ulikuwa unajidanganya mwenyewe!"

"Nisamehe."

Mchoraji akasogeza kiti, akampisha.

Fundi akafuta kila alichobadilisha, akairudisha prosesa kwenye kasi yake ya kiwandani. Mchoraji akabonyeza. Mstari wa kijani unaopima kazi ukaanza kutambaa. Wakakaa watatu wakiutazama. Ulipofika pale ambapo mashine huanguka kila mara, dada mtu akafumba macho. Mstari ukapita. Ukaendelea kutambaa mchana kutwa, mpaka ukafika mwisho, na sungura mwenye miwani akaruka kwenye skrini akiimba.

"Imeshika!" dada mtu akapiga kelele, akamkumbatia fundi kabla hajakumbuka kwamba hampendi.

Filamu ikatumwa. Muda si mrefu kituo kikapiga simu: imefika, na imependeza. Mchoraji akaweka simu chini, akashusha pumzi ndefu, kisha akaegemeza kichwa kwenye bega la fundi na kulia kama mtu aliyetua mzigo.

"Nataka kukuoa," fundi akasema.

Akainua uso. "Unaniposa leo, nilivyo hivi? Hata uso sijanawa!"

"Nikisubiri unawe, nitaogopa tena."

Akamtazama, akacheka huku machozi bado yanamtoka.

"Ndiyo, nimekubali. Lakini kompyuta yangu huigusi."